Milimita 125 kwa Milimita 125: Kisa cha Jiko la Kuni Lililofungwa Kwenye Bomba la Zamani la Dohani

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, kwa familia iliyohamia huko kutoka Afrika Mashariki. Majina, mji na mwaka nimeviondoa, na wenyewe wameridhia kiandikwe. Mimi ni fundi niliyesajiliwa wa majiko ya kuni, na niliitwa jiko likiwa limeshafungwa. Wenye nyumba nitawaita Baba K na Mama K.

## Usuli

Nyumba ni ya matofali, ya zama za Malkia Victoria, katika safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Nyumba za namna hii zina meko ya ukutani karibu kila chumba, na kila meko ina njia yake ya moshi. Njia hizo hupanda pamoja ndani ya ukuta mmoja mpaka juu ya paa, zikitenganishwa na unene wa tofali moja tu. Uashi wa enzi hizo ulitumia chokaa. Moshi na mvua vikiila chokaa kwa zaidi ya miaka mia moja, mianya hufunguka, na moshi wa sebuleni unaweza kutokea chumba cha kulala au hata kwa jirani. Ndiyo maana siku hizi hushushwa bomba refu la chuma kisichoshika kutu, linalonyumbuka, ndani ya dohani. Hapa nitaliita bomba la ndani.

Tangazo la kuuza nyumba lilisema dohani ya sebuleni ina bomba la ndani. Hakukuwa na uongo, bomba lilikuwamo. Ila hakuna karatasi iliyoonyesha ni bomba la kazi gani, na wanunuzi hawakuuliza. Historia yake tuliiunganisha baadaye kutokana na alama zilizobaki kwenye meko. Miaka ya 1970 na 1980 nyumba nyingi za Uingereza ziliwekewa hita ya gesi mbele ya meko, na boila ndogo, yaani chombo cha kupashia maji joto, nyuma yake. Kanuni za Aprili 2005 zilipoanza kudai boila mpya ziwe za aina inayovuna joto la mvuke, zile za nyuma ya meko zikawa zinang'olewa kila zilipochakaa, na boila mpya kutundikwa jikoni. Katika nyumba hii pia boila iliondoka, bomba likabaki linaning'inia gizani, meko ikafunikwa kwa ubao na kupakwa rangi.

Bili za gesi zilipopanda, Baba K alinunua jiko dogo la chuma la kilowati 4.5, lenye mlango wa kioo. Hapo hakukosea. Mtaa wao uko katika eneo la kudhibiti moshi, chini ya sheria zilizoanzia 1956 baada ya ukungu wa moshi uliolikumba jiji la London Desemba 1952, na jiko alilochagua liko kwenye orodha ya yale yanayoruhusiwa kuchoma kuni katika maeneo hayo. Mama K, kwa upande wake, alinunua king'ora cha kaboni monoksaidi kabla hata jiko halijafika. Alikulia nyanda za juu za Kenya, ambako baridi ya Julai huja na habari za watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa wasiamke. Hakuhitaji mtu wa kumweleza gesi isiyo na rangi wala harufu.

## Jiko lilivyofungwa

Baba K na rafiki yake anayefanya kazi za ujenzi walibandua ubao wakakuta ncha ya bomba. Wakapima: milimita 125. Wakapima tundu la kutolea moshi la jiko: milimita 125. Waliagiza adapta ya kuunganisha, wakaisukuma ndani, wakaikaza kwa skrubu nne, wakapaka saruji inayohimili moto, na jioni ile ile jiko likawa limekaa mahali pake. Lilipendeza, lazima niseme.

Kisha nikapigiwa simu. "Fundi, kazi yote tumeshamaliza, tunahitaji karatasi tu."

Nchini Uingereza kufunga jiko la namna hii ni kazi inayodhibitiwa na kanuni za ujenzi. Njia ni mbili: ama afunge fundi aliyesajiliwa, ambaye huidhinisha kazi yake mwenyewe, ama halmashauri iarifiwe kabla ya kuanza ili mkaguzi wake aje. Fundi hasaini kazi ya mikono ya mtu mwingine. Nilimweleza hivyo, nikamwomba asiwashe mpaka nifike Jumatatu. Jumamosi kukawa na theluji.

## Jioni ya king'ora

Kwa maelezo ya Mama K, saa ya kwanza moto uliwaka vizuri. Walipofungua mlango kuongeza gogo, moshi ukajikunja chini ya ukingo na kuingia sebuleni. Walidhani ni ugeni wa jiko. Baada ya muda mtoto aliyekuwa ghorofani akashuka akilalamika kichwa, akisema chumba chake kinanuka. Hapo ndipo king'ora kilipolia.

"Sikuuliza kitu, kaka. Nilibeba watoto nikatoka nao."

Baba K alifungua madirisha, akafunga hewa ya jiko, naye akatoka. Waliponipigia wakiwa nje kwenye gari, niliwaambia mambo mawili: wasirudi ndani kungoja moto uzime, na waende hospitali wakapimwe damu hata kama wanajiona wazima. Kaboni monoksaidi hushikana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na mtu akishapata hewa safi hujisikia nafuu kabla haijamtoka yote. Walipimwa wakaruhusiwa usiku ule ule.

## Tulichokikuta

Jiko lilipopoa niliitoa adapta na kuingiza kidole ndani ya ncha ya bomba. Bomba la kuni lina maganda mawili: la nje lina mikunjo, la ndani ni laini, ili masizi na lami ya moshi visipate pa kushika na brashi ya kusafishia ipite bila kukwama. Hapa kidole kiliruka kutoka ubavu hadi ubavu. Kwenye ukingo uliokatwa ulionekana utepe mmoja mwembamba wa chuma, basi. Lilikuwa bomba la ganda moja, la gesi. Mojawapo ya zile skrubu nne ilikuwa imepasua mshono, na ufa ulipanda urefu wa kidole.

Mabomba haya huwa na alama za viwango. Linalofaa kuni huandikwa kwa mfano T600, yaani joto la kazi la nyuzi 600, pamoja na herufi G inayoonyesha kuwa linahimili moto wa masizi. Lenye O halihimili. Hili letu karatasi yake ilishapotea zamani.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Moshi wa gesi hauna masizi ya kutaja. Kuni huacha masizi na lami, na lami hiyo ikishika moto ndani ya dohani joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Ganda moja jembamba halikutengenezwa kwa ajili hiyo, wala kwa brashi ya msafishaji.

Kamera ilionyesha mengine matatu. Kwenye kona ya kwanza, ambapo dohani inapinda kukwepa meko ya ghorofani, bomba lilikuwa limechanika. Juu kabisa, kofia ilikuwa ile ya gesi, yenye matundu madogo, na jioni moja tu ya kuni ilitosha kuanza kuyaziba kwa masizi. Na bomba lote halikuwa na kitu cha kulihifadhia joto. Moshi ulipoa njiani, ukakosa nguvu ya kupanda, ukakuta kofia imezibwa, ukatafuta mpasuko. Kutoka kwenye mpasuko ukaingia katika dohani ya matofali, na kutoka humo, kupitia chokaa iliyolika, ukatokea nyuma ya ubao wa meko ya chumba cha mtoto.

King'ora nacho kilikuwa juu ya rafu ya vitabu, nyuma ya picha ya harusi.

## Njia zilizokuwapo

Baba K alitaka kujua kama mpasuko unaweza kuzibwa na kofia kubadilishwa. Jibu lilikuwa hapana: hata lingekuwa jipya kutoka dukani, bomba lile lisingefaa kuni. Njia ya pili ilikuwa kuiacha dohani na kupitisha bomba lenye ukuta maradufu nje ya nyumba. Sebule iko upande wa barabara, kwa hiyo bomba lingepanda mbele ya nyumba, na Mama K alilikataa kwa kulitazama tu kwenye mchoro. Ikabaki kung'oa la zamani na kushusha la maganda mawili.

Ubishi ukahamia kwenye kipenyo. Mimi nilitaka milimita 150. Ndicho kipimo cha chini kwa jiko la kuni la mlango uliofungwa, lisilozidi kilowati 30, ambalo halina msamaha wa eneo la moshi, yaani haliko kwenye orodha ile ya yanayoruhusiwa, na siku mtu akibadilisha jiko halazimiki kubadilisha bomba. Baba K alitaka 125 kwa kuwa jiko ni la 125. Tuliamuliwa na dohani yenyewe: nilishusha kwa kamba kipande cha kujaribia cha milimita 150, kikagoma kwenye kona, ambapo waashi wa zamani waliacha vinundu vya chokaa. Kuvunja ukuta wa chumba cha mtoto ili kuipanua kona kungeongeza gharama na siku. Kanuni zinaruhusu 125 kwa jiko lenye msamaha lisilozidi kilowati 20, tukaenda na 125. Kwa uamuzi huo nyumba ilijifunga: jiko litakalofuata nalo lazima liwe la aina ileile. Nililiandika hilo kwenye bamba la taarifa linalobandikwa karibu na mita ya umeme, ili atakayeinunua nyumba asikute kitendawili alichokikuta Baba K.

Daraja la ubora wa chuma cha bomba lilihitaji swali moja: mtachoma nini? Wakajibu kuni. Nikauliza tena kuhusu Januari. Baba K akakiri kuwa jirani humgawia makaa ya mawe yasiyotoa moshi. Kwa kuni kavu peke yake daraja la 316 linatosha. Makaa hayo yana salfa inayokula chuma, na kwayo hutakiwa 904, ambalo ni ghali zaidi. Tukachukua 904.

## Kazi yenyewe

Kwanza fundi wa gesi aliyesajiliwa alikuja kuhakikisha bomba la gesi la zamani kwenye meko limekatwa na kuzibwa. Msafishaji akapita. Kulivuta bomba la zamani kulikwenda vizuri mpaka lilipokatikia pale pale pa mpasuko. Nusu ikatokea juu, nusu ikashuka sebuleni pamoja na ndoo mbili za masizi na vijiti vya kiota cha ndege.

Bomba jipya lina mshale uliochapwa kwenye ganda la nje, nao lazima uelekee juu. Likigeuzwa, maungio ya ndani yanatazama upande usiofaa na lami inapata pa kujikusanya. Tulilishusha kutoka juu ya jukwaa, mmoja akilisukuma, mwingine chini akivuta kamba iliyofungwa kwenye pua ya plastiki. Kwenye kona lilisita, kisha likapita.

Kabla ya kujaza chembechembe za vamikulaiti kulizunguka ili litunze joto, nilifungua ubao wa chumba cha mtoto. Chembe hizo hutiririka, na palipo na tundu la kupitisha moshi nazo hupita. Tuliziba mianya kwa chokaa kutoka upande wa chumbani, tukaacha ikauke, ndipo tukajaza.

Chini, juu ya jiko, lilikaa bomba gumu la chuma lililopakwa enameli, lenye kijimlango cha kutolea masizi. Kila kipande kinachomekwa kwa ncha nyembamba kuelekea chini, hivyo lami ikitiririka inarudi ndani ya jiko isitoke kwenye kiungo. Watu wengi hugeuza wakiamini moshi utavuja. Moshi unavutwa kwenda juu, kinachoshuka ni maji. Bomba gumu liliungana na lile linalonyumbuka kwa adapta ya aina yake, yenye mkanda wa kubana unaolizunguka bomba lote, mahali mkono unapofika. Chini ya kiungo hicho likawekwa bamba la chuma la kuufunga mdomo wa dohani.

Boriti ya mbao aliyoitaka Mama K juu ya meko ilileta mjadala mwingine. Bomba gumu la ganda moja lisilofunikwa, kama hilo lililo juu ya jiko, linatakiwa kuwa mbali na kitu kinachoungua kwa mara tatu ya kipenyo chake, hapa karibu milimita 380. Boriti ilipandishwa. Zulia nalo lilikatwa, kwa kuwa sakafu isiyoungua inapaswa kutokeza angalau milimita 225 mbele ya jiko linalotumiwa mlango ukiwa umefungwa.

## Majaribio

Jaribio la kidonge cha moshi kwenye dohani baridi lilipita: hakuna kilichoonekana ghorofani wala kwa majirani waliokubali tuingie. Baada ya jiko kupata moto, mvuto wa dohani ulisoma karibu paskali 12 (kipimo cha shinikizo), ambayo ndiyo tuliyoitarajia.

Kisha ikaja sehemu ambayo mafundi wenye haraka huiruka. Tulifunga milango na madirisha yote na kuwasha feni ya jikoni kwa kasi ya mwisho. Chumba cha kupikia na sebule ni chumba kimoja kirefu, ukuta wa kati ulishavunjwa. Dakika chache baadaye moshi ukaanza kuchungulia kwenye mlango. Kwa kanuni, jiko lisilozidi kilowati 5 katika nyumba ya zamani inayovuja hewa halihitaji tundu la kudumu. Lakini familia hii ilikuwa imeziba kila mwanya wa dirisha kwa utepe ili kubana joto, na feni ilikuwa inatafuta hewa popote, hata ndani ya dohani. Tulitoboa tundu la hewa la kudumu kwenye ukuta wa nje, tukarudia jaribio, moshi ukatulia.

King'ora kilihamia ukutani, juu kuliko mlango na madirisha, zaidi ya milimita 150 kutoka darini, na umbali wa kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko.

## Matokeo

Kazi ilisajiliwa na cheti kikatoka. Gharama ya bomba, jukwaa na kazi ilizidi bei ya jiko lenyewe, na Baba K hajaacha kulitaja hilo. Moshi haujaingia tena ghorofani.

Msafishaji alipokuja baada ya msimu wa kwanza, theluthi mbili za chini zilikuwa na masizi makavu ya kahawia, kama inavyotakiwa. Theluthi ya juu ilikuwa na lami inayong'aa.

## Uchambuzi

Kilichowaponza si uzembe. Walipima, na vipimo vililingana. Adapta iliingia bila kulazimishwa, na rafiki mwenye uzoefu wa ujenzi akaridhika. Kama bomba lingekuwa la milimita 100 wangesimama na kuuliza. Lilipolingana, maswali yote yaliyobaki yalikufa: ni la kazi gani, lina umri gani, limefika juu likiwa zima, juu kuna kofia gani. Kwangu mimi, bomba lolote lililokutwa dohanini bila karatasi huhesabiwa kuwa halipo, mpaka kidole na kamera viseme vinginevyo.

Tangazo la nyumba lilichangia. Muuzaji alisema kweli iliyokatwa katikati, na sioni kama alijua zaidi ya hapo. Mnunuzi anayesoma kuwa dohani ina bomba aombe cheti cha kazi hiyo. Kisipokuwepo, apange bei akijua bomba jipya ni juu yake.

Kilichookoa ni king'ora, na kililia kikiwa mahali pabaya. Nyuma ya picha kilichelewa. Mtoto alikuwa ameshaumwa kichwa kabla hakijatoa sauti. Chumba chake hakikuwa na king'ora kabisa, na kanuni hazikidai pale. Tangu kisa hiki, kila ninapofanya kazi katika nyumba ambayo dohani inapita kwenye ukuta wa chumba cha kulala, napendekeza cha pili huko juu.

Kuhusu tundu la hewa, nimeshabishana na mafundi wenzangu wanaosema kilowati 4.5 hazihitaji. Kwenye karatasi wako sahihi. Ila karatasi inaikadiria nyumba inayopumua, na watu wanaobana bili ya gesi wanaziba kila kitu. Jaribio na feni likiwa limewashwa ndilo linaloamua.

Wasomaji wa Limuru, Mufindi au Lushoto wenye nyumba za mawe zenye meko za zamani wataona sehemu ya haya hayawahusu, kwa kuwa dohani nyingi za huko hazina bomba la ndani kabisa. Lakini tatizo la moshi kutokea chumba cha pili kupitia uashi uliolika ni lile lile, na kidonge cha moshi kwenye dohani baridi ni jaribio la bei ndogo popote.

Limebaki suala la lami ya juu. Kuni zao zilikuwa na unyevu chini ya asilimia 20, nilipima mwenyewe magogo yaliyopasuliwa, kwa hiyo si kuni. Ni usiku. Mama K hupenda kukuta nyumba ina joto alfajiri, basi wakienda kulala wanajaza magogo na kufunga hewa karibu yote. Moto unakosa pumzi, moshi unatoka umepoa na umejaa lami, na sehemu ya juu ya bomba, inayotokeza juu ya paa, ndiyo baridi kuliko zote. Nimewashauri usiku watumie makaa yasiyotoa moshi peke yake, ambayo jiko na chuma cha 904 vinaruhusu, wasiyachanganye na kuni, kwa sababu salfa ya makaa ikikutana na unyevu wa kuni huzaa asidi. Baba K amekubali. Mama K anasema makaa hayo yananuka vibaya. Msafishaji amepangiwa kurudi katikati ya msimu ujao badala ya kungoja uishe.